Masikio ya Watu Wanane

Fundi hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Ndiyo maana alikuwa fundi wa simu, na ndiyo maana nyumbani kwake hapakuwahi kuwa na saa ya ukutani iliyomaliza mwezi mzima ukutani. Mumewe, fundi wa vigae, alikwisha kuzoea kurudi kazini na kukuta pasi ya umeme imelala mezani vipande vipande, mkewe ameiinamia, na chakula hakijulikani kiko wapi.

"Ilikuwa imeharibika?" angeuliza.

"Hapana. Nilitaka kujua inajuaje kwamba imeshapata moto."

Sasa mtu wa namna hiyo, mweke kwenye timu ya raga ya wanawake, halafu mpe nafasi ya winga. Ni kumtesa. Winga anakaa pembeni kabisa ya uwanja, anasugua viganja, anangoja mpira ambao siku nyingine haufiki. Kwa misimu minne Fundi alisimama huko na kutazama skramu kwa mbali: wanane wetu wameshikana mabega, wanane wao vilevile, vichwa vimeingiliana, migongo inatoa mvuke, na miguno kama ya watu wanaosukuma lori lililozama kwenye tope. Mpira unaingizwa humo, unapotea. Halafu ghafla unatokea upande wa pili, mikononi mwa mtu mmoja mfupi ambaye tayari ameshautupa kwingine. Humo ndani kumetokea nini? Ilimkera kama simu iliyogoma kufunguka.

Yule mtu mfupi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Kazi yake ilikuwa ususi, na uwanjani alivaa jezi nambari tisa. Timu nzima ilimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mdomo wake haukulala. Saluni alisuka na kusema, na wateja walilipia vyote viwili. Uwanjani aliwasema watu wa mbele kuanzia filimbi ya kwanza: "Sogea! Chini zaidi! Kushoto, we Nguzo, kushoto kwako si kwangu! Shika! Toa!" Refa mmoja aliwahi kumwomba apumzike kidogo, naye akamjibu kwamba atapumzika refa akianza kuona.

Kisha Wifi akavunjika kifundo cha mguu. Na si uwanjani. Miaka yote ya kukanyagwa na wanawake wenye uzito wa mafriji, hakung'oka hata ukucha. Ngazi mbili za saluni, akiwa amebeba beseni la maji, ndizo zilizomweza.

Kocha alipokuja kumwona hospitalini aliuliza swali moja tu: tisa atakuwa nani? Wifi alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, akamnyooshea kidole Fundi aliyekuwa pembeni anachunguza kamba na kapi zinazoushikilia ule mguu.

"Mpe huyu. Mwone alivyo. Hawezi kulala mpaka ajue."

Fundi alisema hawezi, wala hana sauti. Lakini moyoni aliruka kama mtoto.

Mafunzo yalianza wiki hiyohiyo, saluni. Wifi alikaa kwenye stuli ndefu, mguu wenye plasta kwenye stuli nyingine, anasuka kichwa cha mtu na kufundisha juu yake. Fundi alikaa sakafuni na mpira wa raga, katikati ya nywele zilizokatwa.

"Tisa kazi yake nini?" Wifi alimwuliza siku ya kwanza.

"Kupasi mpira."

"Kupasi hata mashine inapasi. Tisa ni wa kwanza kufika popote mpira ulipoangukia. Kabla hujainama, umeshatazama: nani yuko wapi, nani amechoka, nani wa kwao anazubaa. Ukishainama huoni tena, unatoa tu. Mama, usitikise kichwa, utakuwa na njia iliyopinda." Hayo ya mwisho alimwambia mteja.

"Na kwa nini hunyanyui mpira kwanza ndipo utupe?"

"Jaribu."

Fundi aliunyanyua mpira, akauvuta nyuma kiunoni ili kupata nguvu, na kabla hajautupa Wifi alikuwa ameshampiga kitana mkononi.

"Umeshakufa. Huo muda uliovuta nyuma, mtu wa kwao ameshakukumbatia. Mguu mmoja karibu na mpira, wa pili uelekee unakotupa, na mkono ufagie kutoka chini moja kwa moja. Usivute. Fagia."

Basi akafagia. Alifagia saluni, akafagia ua wa nyumbani, akafagia sebuleni ambako mumewe, amevaa zile pedi zake za magoti za kuwekea vigae, alilazwa chali kwenye zulia awe rundo la watu walioangukiana juu ya mpira. Mpira uliwekwa ubavuni mwake, Fundi anakuja mbio kutoka jikoni, anatazama, anainama, anaufagia mpaka kwenye kochi.

"Naruhusiwa kupumua?" mume aliuliza.

"Rundo halisemi."

Na maswali hayakumwisha. Kwa nini mpira wa raga, ukipigwa teke juu kutoka nyuma ya rundo, tisa anaupiga kwa pembe ile na si nyingine? Ili ukae angani muda wa kutosha watu wako wafike chini yake. Kwa nini kwenye skramu tisa anauingiza mpira kisha anakimbia kuzunguka nyuma? Kwa sababu yule wa katikati anauvuta kwa kisigino, unapita miguuni mwa wenzake mpaka kwa Nane, yule wa mwisho kabisa, naye anaubana kwa nyayo zake. Na Nane anajuaje wakati wa kuuachia, kichwa chake kimebanwa kati ya makalio mawili?

"Mimi namwambia," Wifi alisema, kana kwamba ameulizwa jua linatokea wapi.

Mechi ya kwanza Fundi alicheza vizuri, Wifi akitazama kutoka kando na magongo yake, na mipira ikapotea. Ya pili alicheza vizuri zaidi, na mipira ikapotea zaidi. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Pasi zake zilikwenda zilikotakiwa. Miguu yake ilikaa sawa. Lakini kwenye skramu, angali anazunguka kuja nyuma, hajasema neno, Nane anaachia. Mpira unachomoka wenyewe kama sabuni bafuni, tisa wa kwao anaudaka, anakwenda zake. Kwenye marundo ni yaleyale. Yeye anasema "ngoja", na mpira huo unatoka.

"Nilikwambia ngoja!" alimfokea Nane, na kufoka kwenyewe kulikuwa kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Si umesema toa?" Nane alishangaa kweli. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu asiyeweza hata kusingizia mafua.

"Sikusema."

"Nimesikia kabisa."

Kocha alikuwa na filimbi shingoni na imani moja tu maishani, kwamba kila tatizo dawa yake ni kukimbia. Baada ya mechi ya pili hata hiyo ilimwishia. Alimvuta Fundi kando, akamwambia bila kuzunguka: "Jumamosi ni mechi ya mwisho. Mipira ikipotea tena namna hii, msimu ujao unarudi pembeni. Si adhabu. Watu wa mbele hawakusikii, na tisa asiyesikika hana kazi."

Fundi alirudi nyumbani na kushika tama. Asingeweza kurudi pembeni. Alikuwa ameshaingia ndani ya kile kitu, ameshaona jinsi kinavyozunguka, ameshanusa jasho lake. Kurudi kusugua viganja kule ilikuwa sawa na kuonyeshwa simu imefunguliwa, kisha mtu akaifunika mbele ya macho yako na kuondoka nayo. Alimwambia mumewe hivyohivyo, na machozi yakamlengalenga.

Lakini fundi ni fundi. Simu ikigoma humlaumu mwenye simu. Unaangalia kitu kimoja kimoja. Akaanza kuwauliza watu wa mbele, mmoja baada ya mwingine: unajuaje wakati wa kuachia? Wote walimjibu neno moja, kwamba wanasikia. Nguzo, mwanamke mkubwa anayebeba upande wa kulia wa skramu na ambaye siku za kazi anauza matofali, alimwangalia kwa huruma.

"Dada, kule ndani kuna giza. Naona majani na viatu vyangu. Msimu mzima sijui timu pinzani wamevaa rangi gani. Mimi ni masikio tu."

Alhamisi wakafanya mazoezi, na siku hiyo mambo yakanyooka kama yaliyopigwa pasi. Fundi akisema ngoja, wanangoja. Akisema toa, mpira huu hapa. Skramu baada ya skramu, bila kosa. Kocha alisahau hata kuwakimbiza. Wenzake walimpiga mgongoni na kusema hatimaye ameshika, ila yeye hakufurahi, alishuku. Kitu kinachopona chenyewe bila kuguswa hakijapona. Leo kuna nini ambacho siku zote hakipo? Au hakuna nini?

Aliwaza hivyo kesho yake kazini, mbele ya simu ya mteja iliyokuwa inakatakata sauti. Aliifungua, ikasema vizuri. Akarudisha kifuniko, ikakata. Akakitoa, ikasema. Alikaa na kile kifuniko mkononi, na hapo ndipo akakumbuka.

Alhamisi Wifi hakuwepo. Alikuwa kliniki kubadilishiwa plasta.

Jioni hiyo Wifi alikuja uwanjani kwa magongo kama kawaida, akaketi kando ya mstari. Fundi aliwapanga watu wa mbele, akauingiza mpira, akakimbia kuzunguka. Safari hii hakusema neno lolote. Alitega sikio. Na akasikia, wazi, kutoka pembeni, ile sauti aliyoizoea kiasi kwamba masikio yake yalikuwa yameacha kuihesabu, kama mtu asivyosikia tena friji la nyumbani kwake: "Sogea! Shika, shika! Toa!" Nane akaachia. Mpira ukachomoka. Wifi, kule kando, alishika kichwa kwa masikitiko na kuendelea kusema. Hakuwa anajua kama anasema. Ukimwuliza, angekuapia kwamba alikuwa amekaa kimya anatazama.

Fundi alimweleza mumewe wakiwa wanaosha vyombo.

"Rahisi," mume alisema. "Mwambie mechi ni saa kumi. Nyie mnaanza saa nane. Akifika, kwisha."

"Nimdanganye dada yako?"

"Mimi namdanganya tangu tuko shule ya msingi. Hajafa."

"Ndiye aliyenipa hiyo jezi."

"Basi mwambie ukweli," mume alisema, akimpa sahani, "na mimi niwe nimesafiri."

Jumamosi asubuhi Fundi alipiga moyo konde, akaingia saluni kabla wateja hawajafika. Wifi alikuwa anapanga vitana kwenye kopo la dawa. Fundi alianza kwa mbali, akazungukia habari za simu na vifuniko, mpaka Wifi akamkatisha.

"Wifi, una jambo au una homa?"

"Ni wewe," Fundi alisema. "Wanakusikia wewe. Nasema ngoja, wewe unasema toa, wao wanakutii wewe. Kule ndani hawaoni anayesema. Alhamisi hukuwepo, hakuna mpira uliopotea. Jana ulikuwepo, imepotea yote."

Wifi alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akawa anajitazama kwenye kioo kikubwa.

"Mimi husema nikiwa pale kando?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Kwa sauti?"

"Wifi yangu. Hata wauza maji wanajua sasa nani asogee kushoto."

Hakucheka tena. Uso ulimshuka, na Fundi akamwona kwa mara ya kwanza alivyokuwa mtu mzima kuliko wote pale timuni. "Kwa hiyo mechi zote mbili ni mimi niliyewafungisha," Wifi alisema. "Nimekaa pale nakusikitikia, najiambia mtoto wa watu hajaiva bado, kumbe ni mimi." Alichukua kitana, akakirudisha. "Daktari kliniki ameniambia mguu huu hautakimbia tena. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilijua nimebaki na kukaa kando na kutazama. Sasa na hapo napo unanitoa."

Fundi aliumia mpaka akatamani angemsikiliza mumewe. Alitaka kusema sahau, njoo, sema utakavyo. Wateja wa kwanza walifika, naye akaondoka bila kujua kama amepoteza wifi au jezi, au vyote.

Saa nane uwanja ulikuwa umejaa kiasi. Kiti cha Wifi kando ya mstari kilikuwa kitupu. Fundi alitazama mara mbili, filimbi ikalia.

Na kipindi cha kwanza kilikuwa kibaya. Si kwa mipira kutoka mapema. Safari hii haikutoka kabisa. Fundi alisema toa, na Nane akaendelea kuubana. Alisema kushoto, na watu wakasimama kama waliozimiwa taa. Walikuwa wanaingoja sauti yao, na sauti haikuja. Wapinzani wakawasukuma, wakatangulia kwa pointi nne. Fundi akaelewa kitu ambacho simu hazikumfundisha: kukitoa kifuniko hakutoshi. Alhamisi yalikuwa mazoezi tu, uwanja kimya, mnong'ono ungesikika. Leo watu wanapiga kelele. Wanane hawa hawana sauti ya kufuata kama yeye haitoi.

Skramu iliyofuata alifika nyuma, akaweka kiganja kizima mgongoni mwa Nane, akainama mpaka karibu na sikio lake, na akatoa sauti ambayo hata mumewe, jukwaani, hakujua ni ya nani.

"Mimi hapa! Ni mimi! Ngoja!"

Mgongo ukatulia chini ya kiganja.

"Ngoja. Nguzo, shuka! Shuka tena! Sasa toa!"

Mpira ukaja, akaufagia. Kuanzia hapo hakunyamaza. Aliwasema, akawasukuma, akawaita kwa majina yao yote ya utani, akamtukana Nguzo tusi dogo ambalo Nguzo baadaye alisema lilimpa nguvu. Ikawa patashika nguo kuchanika. Sauti ilimkauka ikabaki ya kukwaruza, na hiyo ndiyo wakaishika vizuri zaidi, kwa sababu hakuna mwingine uwanjani aliyekuwa na sauti mbaya namna ile.

Zikiwa zimebaki dakika chache, bado wako nyuma kwa zile nne, wakapata skramu karibu kabisa na mstari wa wapinzani. Fundi aliingiza mpira, akazunguka. Kabla hajainama alitazama, na huko mbali, kwenye kona ya uwanja ambako hakai mtu, nyuma ya uzio, alimwona Wifi. Amesimama juu ya magongo. Khanga ameikunja na kuiuma kwa meno, kama mtu anayetolewa mwiba.

Hapakuwa na muda wa kumtazama. Winga wa kwao alikuwa anaanza kusogea ndani, ameshachoka kungoja pembeni, na Fundi aliijua hamu hiyo kuliko mtu yeyote.

"Ngoja," alisema. Wanane wakaguna na kungoja. "Ngoja bado." Refa akapaza sauti kwamba mpira utumike. Yule winga akapiga hatua mbili zaidi ndani. "Ngoja... Toa!"

Mpira ukatoka, na wote wakatazama upande mpana alikokuwa anapasi siku zote. Fundi hakupasi. Aliukumbatia, akachomoka upande ule mwembamba ulioachwa wazi, akaanguka nao nyuma ya mstari, mdomo umejaa majani. Trai, pointi tano. Kocha aliitupa filimbi yake juu na hakuiona tena.

Mechi ilipokwisha Fundi alikwenda moja kwa moja getini. Wifi alikuwa ameshafika hapo, anajikongoja kutoka kabla watu hawajajaa. Walisimama wakitazamana. Khanga ilikuwa na matundu mawili ya meno. Fundi hakuwa amebakiza sauti ya kusema chochote, na kabla hajajaribu, Nguzo akatokea nyuma yao, begi begani, tope mpaka kwenye nyusi.

"Redio! Ndio unafika saa hizi?" Nguzo alipiga makofi kwa masikitiko. "Umekosa! Sijakusikia leo hata kidogo, nikasema huyu leo hakuja. Umekosa, dada, umekosa!"

Fundi alifungua mdomo. Wifi akamfinya mkono, kwa nguvu.

"Nilikuwa na wateja," Wifi alisema. "Hebu nisimulie. Tisa wenu alikuwaje?"

"Tisa?" Nguzo aliangua kicheko. "Mimi nimwonee wapi? Nilikuwa nimeinama. Nilimsikia tu, mwanzo mpaka mwisho."

Wifi akaanza kulia palepale getini, bila kujificha, bado ameushika mkono wa Fundi. Nguzo akashtuka, akamwuliza kama mguu bado unamuuma.

"Unauma," Wifi alisema.